Mtoto Aliyekaa Mstari wa Mbele

Kilichoninyima usingizi mwishoni mwa muhula ule kilikuwa swali moja tu: yule mtoto anasikia, au hasikii?

Nililala chali nikiangalia bati, nikaligeuza lile swali kila upande. Kama anasikia, basi nilikuwa nataka kumbandika mtoto wa watu ulemavu asiokuwa nao. Kama hasikii, basi kila siku niliyokaa kimya ilikuwa siku nyingine anayohesabiwa mjinga. Nilijaribu kupima lipi baya zaidi, nikashindwa. Asubuhi nikaamka, nikaoga, nikaenda kazini, nikafundisha juu na chini.

Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, ualimu wa sekondari, somo la jiografia, na kama wenzangu wengi nilikuwa nasubiri ajira ya serikali. Katika kusubiri nikapata darasa la kushika kwenye chekechea ya mtu binafsi huku Chang'ombe. Mimi niliyesomea ramani na mito nikawa nawaeleza watoto wa miaka mitano na sita kwamba mpira uko juu ya kiti, sasa uko chini ya kiti, sasa uko nyuma ya kiti. Sikuona aibu. Sikuona fahari pia. Kipindi kile hakuna kitu nilichokuwa nakiona sana. Baba akinipigia kutoka bara aliuliza, "Vipi, majina yametoka?" Nikajibu bado. Akasema haya. Nikasema haya. Simu ikikatika naendelea kula ugali wangu ulipokuwa umefikia.

Chekechea yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya mwenye shule, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu wa msingi. Sote tulimwita Madam, watoto, wazazi na mimi. Kimoja kilikuwa cha wadogo, wenye mwalimu wao, na kingine cha wakubwa, wale wanaosubiri Januari waende darasa la kwanza. Wakubwa ndio waliokuwa wangu. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa pia ukuta wa karakana ya mageti, kwa hiyo kutwa nzima tulifundisha katikati ya grenda na nyundo. Grenda ikinguruma unanyamaza, ikizimwa unamalizia sentensi. Baada ya wiki chache hata hujui kama unafanya hivyo.

Na wao walitusikia. Asubuhi watoto wanapoimba, mafundi wanaitikia upande wa pili kwa sauti za kejeli. Nikipita mlangoni kwao hawaniachi.

"Oya, ticha! Njoo utusaidie," alinipigia kelele mmoja wao, mwanaume mfupi mwenye miwani ya kuchomelea aliyoipandisha kwenye paji la uso. "Tajiri anataka geti likae mbele ya nyumba. Mbele ni wapi? Sie hatukupitia chekechea."

"Ticha, na hili tunalipaka rangi ndani au nje?" akadakia mwingine.

"Mwacheni, ana kipindi cha kubadilisha nepi."

Walicheka. Mara nyingi nilitabasamu nikapita, kisha njia nzima nikatunga majibu ambayo ningewapa. Yule mfupi ndiye aliyenitania kuliko wote. Na yule mfupi ndiye baba wa mtoto.

Niseme kwanza jinsi Madam alivyofundisha mambo haya, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Alikuwa na wimbo wake, aliutunga mwenyewe zamani akiwa bado serikalini. Watoto wanasimama kwa mistari. Likija neno juu wanainua mikono, chini wanagusa sakafu, mbele wanaruka hatua, nyuma wanarudi, ndani wanakumbatia vifua, nje wanatupa mikono kama wanafukuza kuku. Wazazi waliofika mapema kuchukua watoto walisimama dirishani na simu zao wakirekodi. Ulikuwa unapendeza kweli.

Alikuwa pia na utaratibu wa kukalisha watoto. Wanaoelewa wanakaa nyuma, maana hawahitaji kuangaliwa. Wanaosuasua wanaletwa mbele, karibu na ubao na karibu na mwalimu. Hakuna darasa nililosoma mimi ambalo halikufanya hivyo. Mwenyewe niliwahi kuletwa mbele kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kama inasaidia.

Yule mtoto alikaa nyuma. Alikuwa mmoja wa wazuri. Kwenye wimbo hakuwahi kukosea hata mara moja, ila alikuwa nyuma ya wenzake kwa kitambo kidogo sana, kama mtu anayejibu baada ya kuvuta pumzi. Niliona nikadhani ni tabia yake ya upole. Kuongea alikuwa haongei sana, na akiongea maneno yake yalikuwa hayana miisho. Madam alisema ulimi utakomaa.

Kuharibika kwa mambo kulianza na mimi na mawazo yangu. Siku moja wakiwa wanaimba nikajiuliza: hivi wanajua maneno, au wanajua wimbo? Nikiwaza kitu kama hicho siwezi kukiacha. Kesho yake Madam alipokwenda sokoni niliwasimamisha nikaanza wimbo kutokea katikati. Nikasema nyuma, wakainua mikono juu. Nikasema chini, wakarukia mbele. Walicheka hadi wakaangukiana. Mimi sikucheka, niliwaza kwamba muhula unaisha na darasa zima halijui nyuma.

Basi nikaleta vitu. Kiti, boksi la karatasi, ndoo, mpira. Nikawa naita mmoja mmoja: weka mpira kati ya ndoo na kiti, simama nyuma ya mwenzako, ingiza mguu ndani ya boksi. Hilo walilipenda kuliko wimbo. Neno gumu lilikuwa kati, kwa sababu kila mtoto alitaka yeye ndiye awe kati.

"Ticha, mwambie atoke, mie ndio nilikuwa kati!"

"Ukitoka wewe, nani atakuwa kati?"

"Hakuna. Kutakuwa na sakafu."

Kuna mwingine nilimuuliza nani yuko nyuma yake, akageuka akaangalia vizuri, akasema, "Nyuma yangu kuna ukuta, halafu kuna mafundi, halafu sijui."

Nilimpa alama zote.

Zamu ya yule mtoto ilipofika nikamwambia aweke mpira nyuma ya boksi. Aliuchukua, akanitazama mdomoni, akawatazama wenzake. Wenzake kama kawaida yao walikuwa wanamwonyesha kwa vidole, nyuma, nyuma, kule! Akauweka nyuma. Nikampigia makofi. Siku iliyofuata niliwaambia wote wafunge mikono na wanyamaze, mtu asimsaidie mwenzake. Nikamwambia tena aweke mpira nyuma ya boksi. Akautia ndani. Nikasema aweke chini ya kiti. Akachukua mpira akautia kwenye ndoo. Juu ya kiti. Akautia kwenye boksi. Alikuwa anatia kila kitu ndani, maana mpira na boksi ukimpa mtoto yeyote bila kumwambia neno, ndivyo atakavyofanya. Kila mara alitabasamu na kusubiri makofi.

Madam alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe huyu alikuwa anatudanganya," alisema, bila hasira. "Mlete mbele."

Nikamleta mbele. Nilimshika mkono, nikambebea kikombe chake na begi lake lenye zipu mbovu, nikamkalisha mstari wa kwanza, mbele yake ubao, nyuma yake darasa zima.

Pale mbele akaporomoka. Kwenye wimbo wenzake wakiwa juu yeye alikuwa amegeuka kuwaangalia, akija kuinua mikono wenzake wameshagusa sakafu. Kutwa nzima alikuwa anageuza shingo. Madam akipita dirishani anagonga kioo. "Huyu mbona anageukageuka kama anatafutwa na polisi?" Watoto wakaanza kumwita Feni, kwa jinsi kichwa kilivyokuwa kinakwenda huku na kurudi. Yeye akawa anacheka nao.

Sikujua bado. Nilijua siku niliyokuwa naandika ubaoni. Walikuwa wamesimama kunisalimia, na mimi nikiwa nimewapa mgongo, chaki mkononi, nikasema, "Haya, kaeni chini." Nikasikia madawati yakilia. Nilipogeuka, yeye peke yake alikuwa bado amesimama, mikono imenyooka, ananiangalia kwa adabu. Akaona uso wangu. Akageuka nyuma, akaona wote wamekaa, akakaa upesi na kucheka kidogo, kama mtu aliyekosea mlango.

Hapo ndipo mawazo yalipojipanga. Alipokuwa nyuma alikuwa anawaona wote, na kila nilichosema alikisoma kwenye migongo yao. Sisi tumemleta mbele, akabaki na ubao na mgongo wangu. Niliendelea kuandika. Nakumbuka niliandika ndani na nje kwa chaki ya rangi, herufi zikatoka nzuri, na mwilini sikuhisi chochote, si huruma wala mshtuko. Usiku ndio swali likaanza.

Nikaanza kumpima kwa siri, na kila kipimo kilinipa majibu mawili. Nilimwita jina akiwa anakunywa uji amenipa mgongo, hakugeuka. Lakini grenda ilikuwa inalia. Nikangoja grenda inyamaze nikamwita tena, akageuka. Lakini mwenzake alikuwa amemgusa bega. Nikafungua pakiti ya biskuti nyuma yake. Darasa zima liligeuka, yeye hakugeuka. Labda hapendi biskuti. Bodaboda ikapiga honi getini, akaruka. Basi anasikia. Nilisoma kwenye simu habari za masikio mpaka nikachanganyikiwa: nta, mafua yasiyopona, homa za utotoni, kuzaliwa hivyo. Mengine ni ya kusafisha tu na kurudi nyumbani. Mengine hapana. Kila nilichosoma kilisema ukiona dalili mtoto apelekwe akapimwe, na mimi nikawa najiuliza kama nimeona dalili au nimeona mtoto.

Kuna jambo lingine lililonizuia. Huku kwetu mzazi ukimwambia mtoto wake ana kasoro, jioni ile ile mume na mke wanaulizana imetoka upande wa nani. Kama nimekosea, nitakuwa nimeingiza maneno ndani ya nyumba ya mtu, na mimi ni mpita njia tu, majina yakitoka naondoka.

Nikajaribu kumgusia Madam. Alikuwa jikoni anagawa uji kwenye vikombe.

"Madam, yule mtoto, unadhani masikio yake yako sawa?"

"Masikio?" Hakuinua uso. "Nikigonga sufuria hapa, nani anafika wa kwanza?"

"Labda anaona wenzake wanakimbia."

"Wa kwanza, mwanangu, nimekwambia wa kwanza. Wa kwanza anamuona nani?"

Lilinisumbua kweli hilo, hadi nilipokuja kugundua kwamba saa ya uji ikikaribia mtoto yule anakaa sehemu moja tu, pale kwenye ngazi, ambako mlango wa jikoni ukiwa wazi unaiona sufuria. Lakini wakati nagundua Madam alikuwa ameshaamua.

"Januari haendi darasa la kwanza," aliniambia. "Atarudi kwa wadogo, akomae. Baba yake utamwambia wewe. Si mnataniana kila siku?"

"Na suala la masikio?"

"Usinitafutie balaa. Mzazi ukimwambia hivyo, kesho anamhamishia chekechea ya jirani, na huko anasema sie ndio tuliompa huo ugonjwa. Mwambie anarudia. Kurudia ni kawaida, wengi wamerudia na leo wana magari."

Hakuwa mtu mbaya. Watoto wake aliwajua kwa majina ya mama zao na bibi zao, na akiona mtoto hana sweta msimu wa baridi alimtafutia. Alikuwa ameona watoto wengi kupita kiasi, na wengi wao kweli walikomaa.

Nilichelewesha kumwambia baba yake. Nilijiambia nasubiri siku nzuri. Asubuhi napita karakanani, ananiuliza kama jua liko juu au chini, natabasamu, napita. Madam alipoona kimya, akamhamisha mtoto kwa wadogo kabla muhula haujaisha, ili azoee.

Siku chache baadaye darasa langu lilikuwa linachora. Nikavuka ukumbi kwenda kuazima rangi, nikasimama kwenye mlango wa wadogo. Walikuwa wanaimba rangi na matunda na mwalimu wao. Yeye alikuwa mstari wa mbele, magoti juu maana viti vilikuwa vifupi kwake, mikono mapajani. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Watoto nyuma yake walikuwa wanapiga makofi, wanapayuka, mmoja alianguka na kiti, na yeye shingo yake ilikuwa imenyooka, macho ukutani, mahali ambapo hapakuwa na picha wala kitu. Nilisimama pale mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza. Hakumtafuta mtu.

Madam alikuja akasimama pembeni yangu. "Unaona?" alisema kwa upole. "Katulia."

Nilisema ndiyo. Nikachukua rangi nikarudi darasani. Mkao ule niliujua. Ndivyo nilivyokuwa nakaa mimi kitandani jioni, simu mkononi, bila kuangalia kitu. Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa na jina langu kwenye orodha mahali fulani. Yeye alikuwa na miaka sita, na alikuwa ameacha kujaribu ndani ya siku chache tu, na sisi hilo tumeliita utulivu.

Watoto walipoondoka nilifunga mlango, nikazunguka kwenda karakanani. Njiani mawazo yalikuja kama kawaida yake, kwamba si mtaalamu, kwamba nisubiri wiki ijayo, kwamba niongee na mama yake kwanza. Miguu ilikwenda tu. Sikuwa nimeamua bado nitasema lipi, nililotumwa au lile lingine.

"Ticha!" Baba wa mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya geti jeusi, grenda ya mwenzake ikitoa cheche pembeni. "Leo umepotea? Karibu kiti. Ukae juu yake lakini, usikae chini yake!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anapaka rangi, shikamoo, akaitikia. Nikamwambia baba nina maongezi naye, tusogee nje.

"Ongea tu hapa hapa, sie wote ndugu!" Alikuwa anapiga kelele. Wote walikuwa wanapiga kelele, ndivyo wanavyoongea.

Nikasema, "Nadhani mtoto wako hasikii vizuri."

Grenda ilikuwa inalia. Aliweka kiganja sikioni. "Unasemaje?"

Hapo ningeweza kubadilisha. Hakuna aliyekuwa amesikia. Ningesema Madam anakusalimia, mtoto atarudia mwaka, ni jambo la kawaida, na angenitania, na ningekwenda zangu. Nilikuwa na maneno yote hayo tayari mdomoni, nilishayafanyia mazoezi.

"Mtoto wako hasikii!" nilipiga kelele. "Masikio! Mpelekeni hospitali akapimwe!"

Mwenye grenda aliizima. Sijui kama alisikia au aliona nyuso zetu. Baba alisimama taratibu, akavua glavu moja.

"Unasema mwanangu kiziwi?"

"Sijui. Nasema apimwe."

"Umesomea udaktari?"

"Hapana. Jiografia."

Mmoja wao alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Anaitwa kula anakuja," alisema baba. "Nikimtuma msumari ananiletea msumari. Wewe ndio wa kwanza kusema mwanangu ana kasoro. Mtu unatufundishia watoto juu na chini, leo umekuwa bingwa wa masikio?"

"Ukimtuma msumari unamwonyeshaga kwa mkono?"

Aliuangalia mkono wake.

"Na mkimwita nyumbani mnamwita kwa sauti gani?"

"Sauti ya kawaida," alisema, na aliisema kwa ile sauti yao, ambayo mtu aliye barabarani angegeuka. Nadhani aliisikia mwenyewe. Karakana yote ilikuwa kimya, na sauti yake ilikuwa imebaki peke yake pale katikati. Wanaishi nyuma ya karakana, chumba na sebule, mtoto kazaliwa humo. Nyumba nzima wanaongea hivyo, na mtoto anayehitaji kupigiwa kelele angejulikanaje?

Nikamweleza nilichokiona. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kusahau, nikaeleza habari ya mpira na boksi, jinsi alivyosimama peke yake siku ile, na tulivyomtoa nyuma tukamweka mbele. Nikamwambia pia nilitumwa nimwambie kwamba mtoto anarudishwa kwa wadogo, na kwamba ameshapelekwa. Hilo hakulijua. Mtoto hakuwa amemwambia.

Alikaa juu ya chuma kilichokuwa hakijachomelewa. Akavua miwani kabisa, kwenye paji lake pakabaki alama.

"Mama yake aliniambia," alisema. Safari hii hakupiga kelele, ikabidi niiname. "Toka mwaka jana. Nikamwambia aache uchuro."

Mzee wa rangi alikuwa ameshika brashi hewani, rangi inamdondokea kiatuni.

"Na kama ni kweli?" aliniuliza.

"Sijui. Inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza isiwe."

"Na kama si kweli?"

"Utakuwa umepoteza asubuhi moja. Na mimi utanitania mpaka niondoke."

"Hilo nitafanya hata kama ni kweli," alisema, lakini uso haukucheka. Akatazama glavu yake. "Mie hospitali wakinihoji sijui nitasema nini. Wewe ndio umemuona darasani. Twende wote kesho."

Nikasema twende. Nilishangaa jinsi ilivyotoka haraka, mimi ambaye kununua viatu kunanichukua mwezi.

Nilimwandikia Madam ujumbe nikiwa nimesimama pale pale kabla sijaanza kufikiri. Nilimwambia kesho siji, naenda hospitali na mzazi, na kwamba nimemwambia yote, la kurudia na la masikio. Nikautuma. Hakujibu. Nilikaa nikisubiri woga unijie, ukaja kidogo, ukapita.

Asubuhi nilitoka Gongo la Mboto, nilikokuwa nimepanga, mapema, nikawakuta kwenye geti la hospitali, baba, mama na mtoto katikati yao amevaa shati la Jumapili. Mama alikuwa na mtandio mweupe. Hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauachia. Baba alikuwa amenyoa ndevu na alionekana mdogo bila ovaroli.

Foleni ilisogea. Tulipofika dirishani, nesi aliuliza bila kuinua kichwa, "Mgonjwa nani, na shida ni nini?"

Baba akafungua mdomo. Akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi. Nyuma yetu mtu alikohoa.

"Ni huyu mtoto," nilisema. "Hasikii vizuri. Tumemleta apimwe."

Nesi aliandika, akatuelekeza chumba cha masikio. Tukaenda tukakaa kwenye benchi, tukasubiri kuitwa.